Usiku wa Kuhesabu Stoo

Usiku wa Desemba 31 Diani hailali. Barabara ya ufukweni imejaa tuktuk na bodaboda, ngoma za hoteli zinashindana, na saa sita ikikaribia fataki zinapasuka juu ya bahari. Nyuma ya jiko la hoteli moja, ndani ya chumba cha barafu, vijana wawili waliovaa majaketi mazito wanahesabu samaki. Mmoja anataja, mwenzake anaandika. Kando yao amesimama dada mmoja aliyevuka feri ya Likoni alasiri hiyo, kalamu mkononi, hasemi neno. Yeye hahesabu samaki, anawatazama wanaowahesabu.

Hoteli hiyo ni ya mfano, ila usiku wake unajulikana na kila kampuni ambayo mwaka wake wa fedha hufungwa Desemba 31. Mizania ya kampuni husema mali iliyokuwapo siku hiyo ilikuwa kiasi gani, na hesabu hiyo lazima iwe ya siku hiyo. Kwa hoteli za Kusini mwa Pwani hii ni kazi ya kuudhi hasa. Mwaka unafungwa wakati wageni wamefurika, baa inauza kila dakika na jikoni hapana pa kukanyaga. Ingekuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea na hoteli kadhaa zimefunga milango kungoja msimu, shughuli ingekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Dada yule ni mkaguzi wa hesabu kutoka kampuni ya nje. Wengi hudhani amekuja kuhesabu, kumbe kuhesabu ni kazi ya wenye mali. Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 501, kinachofuatwa Kenya chini ya taasisi ya wahasibu, ICPAK, kinamwelekeza hivi: ikiwa mali ya stoo ni kubwa kiasi cha kugeuza sura ya hesabu, afike mahali penyewe, apime maagizo waliyopewa wahesabuji, atazame kama yanafuatwa, aione mali kwa macho yake na ahesabu tena sehemu yake.

Sehemu hiyo huchaguliwa kwa njia mbili, na njia zote mbili zina maana. Kwanza anachukua mstari mmoja kwenye karatasi, tuseme kamba koche kilo 42, anaingia barafuni na kudai aonyeshwe hizo kilo 42 na zipimwe mbele yake. Hapo anawinda mali ya hewa, iliyoandikwa na haipo. Kisha anageuza. Anaokota katoni yoyote rafuni, ile ya nyuma kabisa, halafu anaitafuta kwenye karatasi. Sasa anawinda mali iliyopo ambayo haikuandikwa.

Kwa nini mtu afiche mali yake mwenyewe? Jibu liko kwenye hesabu ya darasa la sita. Mali ya mwanzo wa mwaka, ongeza iliyonunuliwa, toa iliyobaki mwishoni: unapata gharama ya iliyouzwa. Ukiitaja iliyobaki kuwa pungufu ya ukweli, gharama inapanda, faida inashuka, na kodi nayo inashuka. Ukiizidisha, kila shilingi ya uongo iliyoko stoo inageuka kuwa shilingi ya faida bila mteja hata mmoja kuingia dukani. Ndiyo maana stoo imekuwa mlango wa nyuma wa matapeli wa hesabu kwa zaidi ya miaka 100.

Karatasi wanazotumia vijana wale zina jina la bidhaa na nafasi tupu ya idadi. Kadi ya stoo inasema ngapi, lakini wao hawaambiwi. Mtu akiambiwa kreti ziko 60 ataziona 60, hasa saa tano usiku ambapo mwili umeshaanza kuota kitanda. Karatasi zina namba, na mwisho wa kazi zote hurudishwa, hata zilizoharibika, ili isije ikaongezwa moja kesho yake. Bidhaa iliyohesabiwa hubandikwa kikaratasi cha rangi. Baa ina taabu yake: chupa ya wiski iliyofunguliwa haiandikwi moja wala sifuri, hukadiriwa kwa sehemu za kumi, au hupimwa kwenye mizani na kutolewa uzito wa chupa tupu.

Saa tano na ushei linaingia gari la samaki kutoka Msambweni. Mlinzi amefungua geti kwa mazoea tu, hakuna aliyemwambia kwamba mizigo imesimamishwa. Masanduku manne ya barafu yanashushwa katikati ya hesabu. Dada yule anaomba yawekwe pembeni, peke yake, kisha anaandika namba ya hati ya kupokelea mzigo. Tutarudi kwa samaki hawa.

Wakaguzi hawakuwa wakifika stoo hivi tangu zamani. Mwaka 1896, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Kingston Cotton Mill, kinu cha pamba ambacho meneja wake alikuwa akizidisha pamba na nyuzi vitabuni mwaka baada ya mwaka. Wakaguzi walipokea cheti chake wakaamini, wala hawakwenda kuangalia. Mahakama ikasema hawana kosa. Jaji mmoja, Lopes, alimfananisha mkaguzi na mbwa wa kulinda, si mbwa wa kunusa nyayo. Mfano huo ulisafiri na sheria ya Kiingereza hadi makoloni, na wanafunzi wa uhasibu wa Mombasa na Nairobi bado wanakutana nao darasani.

Kilichovunja starehe hiyo kilitokea Marekani mwaka 1938. McKesson & Robbins, kampuni kubwa ya dawa, ilikutwa na takribani dola milioni 19 za mali isiyokuwapo kati ya mali ya dola milioni 87 iliyotangaza. Kama milioni 10 hivi zilikuwa dawa zilizosemekana ziko maghalani Kanada. Hapakuwa na dawa, na nyaraka zake zilikuwa za kutunga. Mkuu wa kampuni, aliyejiita Coster, jina lake halisi lilikuwa Philip Musica, tapeli aliyekwishahukumiwa zamani. Alijiua Desemba mwaka huohuo. Wakaguzi walikuwa wamekagua karatasi tu. Mwaka 1939 taasisi ya wahasibu wa huko ikaamua: kuanzia sasa, nenda ukaone.

Na kuona nako kuna ufundi. Makreti ya soda yakipangwa kumi kwa kumi, kimo cha watu wawili, jicho hupiga hesabu ya haraka na kuridhika. Mkaguzi mzoefu hupanda ngazi akachungulia katikati, maana mpango wa namna hiyo unaweza kuwa ukuta wa pande nne wenye shimo ndani. Katoni huombwa ifunguliwe, na huchagua yeye, haletewi. Kampuni yenye matawi mengi haiambiwi mapema ni tawi gani litatembelewa. Phar-Mor, maduka ya dawa ya Marekani yaliyoporomoka mwaka 1992, yalikuwa karibu 300. Wakaguzi walikwenda manne tu kila mwaka, tena wakitangulia kusema ni yapi. Manne hayo yalikuwa yamejaa pomoni.

Samaki na soda zina nafuu moja: zinahesabika. Kaunti ya Kwale, yenye Diani hiyo, kwa miaka 11 ilikuwa na mali isiyohesabika kabisa.

Mgodi wa Base Titanium, karibu na Maumba na Nguluku, ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, shehena ya kwanza ikaondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Ulichotoa ni mchanga wa madini: ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Mchanga wa vilima ulioshwa kwa maji ili uzito ubaki na wepesi uende, kisha ukatenganishwa kwa sumaku na umeme, ukapelekwa kwa malori hadi kwenye ghala na gati ya kampuni Likoni. Mwaka wa fedha wa mmiliki wake, Base Resources ya Australia, ulifungwa Juni 30. Kazi ya anayekagua mali ya namna hiyo inaanza na kusimama mbele ya kilima cheusi kinachometameta na kujiuliza: hizi ni tani ngapi?

Haiwezekani kukipima kilima kizima kwenye mizani. Mpimaji huzunguka na kifaa cha kupimia ardhi, siku hizi hurusha droni inayopiga mamia ya picha, na kompyuta huunda umbo la kilima na kutoa ujazo. Zamani ilitosha jiometri ya shule. Mchanga mkavu ukimwagwa toka juu hujipanga kama pia iliyopinduliwa, na mteremko wake haupandi zaidi ya nyuzi thelathini na kitu. Ukizidisha, unaporomoka wenyewe. Chukua kilima chenye kipenyo cha mita 40 na kimo cha mita 12. Ujazo wake ni mita za ujazo 5,000 na ushei kidogo.

Ujazo si uzito, na hapo ndipo penye mtego. Mita moja ya ujazo ya ilmenaiti iliyorundikwa ina tani mbili na nusu hivi. Kwa kilima chetu hizo ni tani 12,500. Mtu wa maabara akisema ni mbili nukta nne badala ya mbili nukta tano, tofauti ya kukohoa tu, tani 500 zimeyeyuka: mzigo wa malori 18 ya tani 28. Basi mkaguzi hutaka kujua uzito huo wa mita moja ulipatikanaje, sampuli zilichukuliwa wapi, juu ambako mchanga ni huru au chini ambako umekandamizwa. Mchanga uliotoka kuoshwa unalala nje ukiwa na maji ndani yake. Mvua ya Juni ikiongeza yake, kila asilimia moja ya unyevu ni maji yanayojifanya madini. Na sakafu ya rundo je? Mchanga mzito hujizamisha ardhini, na ardhi yenyewe haiko sawa. Ikiwa hakuna aliyeipima kabla ya rundo kumwagwa, chini kunakuwa na kisio.

Baadaye linakuja swali la nini hasa kiko humo. Tani ya zirkoni huuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya tani ya ilmenaiti. Kwa asiyejua, zote ni mchanga. Rangi husaidia, ilmenaiti ni nyeusi na zirkoni imepauka, lakini rangi haikubaliki kama ushahidi. Sampuli hufungwa mbele ya mkaguzi na kupelekwa maabara. Mkaguzi si mjiolojia. Viwango vinamruhusu kuajiri mtaalamu wake, na vinamdai aelewe mtaalamu huyo amefanya nini.

Njia nzuri kuliko zote ya kulisuta rundo ni meli. Meli ikipakia, uzito wa shehena hupatikana kwa kusoma alama za kina zilizochorwa ubavuni: omo, katikati na tezi, kulia na kushoto, mara sita kabla ya kupakia na mara sita baada yake. Hupimwa uzito wa maji ya bahari pale gatini, hutolewa mafuta, maji ya kunywa na maji ya farumi. Hata hivyo, wenye kazi hukubali tofauti ya nusu asilimia. Kwa shehena ya tani 25,000 hiyo ni tani 125. Mkaguzi hulinganisha: rundo la mwisho wa mwezi, malori yaliyoingia, meli zilizoondoka. Vitabu vikisema rundo lina tani 12,000 na gati ikapakia 11,000 tu ghala likabaki tupu, hahitaji tena droni.

Ng'ambo ya Likoni, upande wa pili wa maji, kuna matangi ya Kipevu. Januari 2009 Wakenya walijifunza huko somo ambalo mchanga haufundishi. Kampuni ya Triton Petroleum, iliyokuwa imewekwa chini ya mrasimu mwezi uliotangulia, ilikuwa imechukua mikopo kwa kuweka rehani mafuta yaliyohifadhiwa na Kampuni ya Mabomba ya Mafuta ya Kenya. Kwenye karatasi, mafuta yalikuwa ya wafadhili mpaka walipwe. Waliponyoosha mkono kuyachukua, yalikuwa yamekwishatolewa na kuuzwa bila idhini yao. Thamani yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 7.6.

Mhesabuji yeyote anaweza kulipima tangi lote na bado asiione kasoro hiyo. Atateremsha utepe wa chuma mpaka sakafuni, atapaka dawa inayobadilika rangi ikigusa maji ili ajue chini kuna maji kiasi gani, atasoma jedwali la tangi, atarekebisha joto. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja. Kwenye tangi la lita milioni 10, nyuzi tano tu ni lita 50,000 zinazotokea na kupotea bila mtu kuiba. Atapata lita kamili. Ambacho utepe hausemi ni lita hizo ni za nani. Ndiyo sababu mali inapokaa kwa mtu mwingine, mkaguzi humwandikia mwenye ghala moja kwa moja na kudai jibu lirudi kwake mwenyewe, lisipitie kwa mteja: mmeshika nini, kwa niaba ya nani, na kuna deni gani juu yake? Jibu nalo ni la kuaminika kadiri ya mwenye ghala.

Utepe wenyewe huweza kudanganywa. Mama yeyote wa Kidigo aliyewahi kukaa na sufuria ya tui mpaka mafuta yakapanda juu anaielewa kashfa ya mafuta ya saladi ya 1963 bila kufafanuliwa. Huko Bayonne, New Jersey, Tino De Angelis alikopa mamilioni kwa dhamana ya matangi ya mafuta ya soya. Wakaguzi walifungua mfuniko, wakazamisha kipimo, kikatoka na mafuta. Chini yake yalikuwa maji ya bahari. Matangi mengine yaliunganishwa kwa mabomba, mafuta yakawatangulia wakaguzi kutoka tangi moja hadi jingine. Hasara ilizidi dola milioni 100, na American Express, ambayo kampuni yake tanzu ilikuwa imethibitisha mafuta hayo, ilitikisika vibaya.

Hapa nyumbani jina linalotajwa zaidi ni Nakumatt, duka lililokuwa na tawi hata Diani. Liliingia mikononi mwa msimamizi wa mahakama Januari 2018, na miongoni mwa yaliyotoka kwenye uchunguzi wa vitabu vyake ni upungufu wa bidhaa za shilingi bilioni 18. Rafu za kila tawi zilionekana na kila mnunuzi. Mwaka 2017 Wakenya walipita katikati yake zikiwa tupu wakapiga picha. Ukitaka maoni ya mwandishi huyu, wanunuzi wale na simu zao walifanya ukaguzi mzuri kuliko kurasa nyingi zilizopigwa mihuri.

Viumbe hai nao wana kanuni zao, na Pwani haiwezi kuziepuka. Kwa viwango vya uhasibu vinavyotumika tangu 2016, mnazi wa kampuni ni mali ya kudumu, sawa na mashine. Dafu likiwa bado juu ni mali hai na hupimwa kwa bei ya soko. Mkwezi akishalitupa chini limekuwa bidhaa ya stoo, chini ya kiwango kingine. Mkaguzi hapandi mnazi. Huchagua mistari michache ya shamba, huhesabu miti, hulinganisha na mavuno ya miezi iliyopita. Wazee wa mikoko walikuwa na utaratibu ulionyooka zaidi: miti ilipangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuuzwa kwa korja, miti ishirini. Asiyeweza kutofautisha mazio na boriti angehesabu korja sawasawa na bado akakosea bei. Huko Gazi, Msambweni, mikoko sasa huuzwa ikiwa imesimama: mradi wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117, umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013, na hesabu yake hutegemea watu wanaoingia topeni na utepe kupima unene wa miti, kwa mkoko wenye mizizi iliyotanua miguu wakipima juu ya mizizi.

Serikali hufunga mwaka wake Juni 30, na Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita kukagua na kutoa ripoti. Kwenye stoo ya dawa ya hospitali ya umma, iwe Msambweni au Kinango, idadi ni swali la pili. La kwanza ni tarehe iliyochapwa ubavuni mwa katoni. Dawa inaweza kuwapo yote, kadi ikasema kweli, na thamani yake ikawa gharama ya kuiteketeza. Sekta binafsi ina kanuni iyo hiyo: mali huandikwa kwa gharama iliyonunuliwa au kwa kile kitakachopatikana ikiuzwa, kilicho kidogo. Kwa hiyo mkaguzi akiwa stoo hutazama pia vumbi. Katoni yenye vumbi la miaka miwili ina habari ambayo kadi haina.

Turudi kwa samaki. Katikati ya Februari dada yule yuko mezani, Mombasa, na faili la hoteli. Anayo namba ya hati ya mwisho iliyoandikwa kabla ya saa sita, na ni ile ya gari la Msambweni. Masanduku manne yalipokelewa mwaka uliokwisha, yakahesabiwa mwishoni, yakaingia kwenye mali. Anafungua daftari la wadai la Desemba kutafuta deni la mvuvi, halimo. Analikuta Januari: ankara imeandikwa tarehe 2, mhasibu akaiingiza alipoipokea. Hoteli ilikuwa na samaki wasio na deni kwa siku mbili, na faida ya mwaka ilikuwa imenenepa kwa bei yao kamili. Anampigia mhasibu, anamwomba arudishe ankara Desemba. Mhasibu anacheka, anauliza kama kweli wanasumbuana kwa masanduku manne. Dada anamwambia ndiyo, kisha anamwomba ankara nyingine zote za wiki ya kwanza ya Januari. Samaki wenyewe waliliwa Mwaka Mpya mchana, wa kupaka.